Barua ya Wazi: Wanafunzi wa Mifumo ya Habari Wajifunzie Katika Mifumo Inayotumika

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Makatibu Watendaji wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania);
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao;
Wakuu wa vyuo vinavyofundisha biashara na TEHAMA.

YAH: KUFUNGULIWA KWA MAZINGIRA YA MAZOEZI YA MIFUMO YA UMMA KWA AJILI YA WANAFUNZI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mkufunzi wa kanzidata (hifadhi ya taarifa katika kompyuta) na uchambuzi wa mifumo katika chuo cha biashara, ngazi ya stashahada, na ninaandika kwa uwazi kwa sababu jambo ninaloliomba halimo mikononi mwa ofisi moja. Mitaala ya vyuo vyetu inasimamiwa na NACTVET, na ile ya vyuo vikuu inasimamiwa na TCU. Mifumo yenyewe iko chini ya Wizara ya Fedha, TRA, PPRA (mamlaka ya manunuzi ya umma) na taasisi nyingine, kwa viwango vinavyowekwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Vyumba vya kompyuta na walimu viko chini ya wakuu wa vyuo. Barua ikipelekwa kwa mmoja wenu peke yake, jibu la kawaida ni kwamba suala hilo linamhusu mwingine.

Ninaomba hivi: wanafunzi wanaosomea mifumo ya habari na teknolojia ya biashara wapewe, kwa utaratibu ulioandikwa, nafasi ya kujifunzia katika nakala za mazoezi za mifumo ambayo nchi hii inaitumia kila siku, nakala zenye taarifa za kubuni, na kazi watakayoifanya humo ihesabiwe katika alama zao.

Tazameni kwanza anachosoma kijana huyu. Muhula mmoja ana uhasibu wa msingi, takwimu, stadi za mawasiliano, uandishi wa programu na misingi ya mitandao. Mihula inayofuata inamwongezea kanzidata, uchambuzi na usanifu wa mifumo, biashara mtandao na sheria ya biashara. Kwenye karatasi mpangilio huo hauna kasoro kubwa. Kasoro ni kwamba masomo hayo yanapishana bila kukutana. Mwalimu wa uhasibu anafundisha debiti na krediti kwa daftari na rula, mwalimu wa kanzidata anafundisha majedwali kwa mfano wa wanafunzi na kozi zao, na hakuna kipindi hata kimoja ambamo mwanafunzi anaulizwa kwamba ile debiti aliyoiandika jana inakaa katika jedwali gani, nani ana ruhusa ya kuibadilisha, na ikibadilishwa itajulikanaje. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo kozi yenyewe, na asiyeweza kulijibu amesoma nusu ya kozi mbili tofauti.

Mfano ulio karibu nasi kabisa ni ada. Tangu 2017 malipo ya taasisi za umma yamekuwa yakihamishiwa katika GePG, mfumo wa Serikali wa kupokea malipo kielektroniki, na mwanafunzi wa chuo cha Serikali analipa ada kwa namba ya malipo yenye tarakimu 12. Anaiomba katika mfumo wa chuo, anaipata, analipa kwa simu au kwa wakala wa benki, na baada ya muda mfupi deni lake linasomeka limepungua. Kwa mlipaji, habari imekwisha. Kwa anayesomea mifumo ya habari, hapo ndipo inapoanza. Mfumo wa chuo ulituma ankara GePG nayo ikarudisha namba. Benki au kampuni ya simu ikauliza kama namba hiyo ni hai na inadai kiasi gani. Malipo yalipopokelewa, taarifa ikarudi GePG na kutoka huko ikaenda chuoni. Na fedha zenyewe, ambazo hazisafiri pamoja na taarifa zake, zikaingia katika akaunti kwa njia yake. Baadaye orodha ya benki hulinganishwa na orodha ya mfumo ili ijulikane kama kilichoandikwa ndicho kilichopokelewa.

Humo mna mambo ya kumshughulisha mwanafunzi muhula mzima. Kuna ankara inayokubali kulipwa kidogo kidogo na isiyokubali. Kuna namba iliyokwisha muda wake ilhali mzazi kijijini ameshaiandika kwenye karatasi na hana nyingine. Kuna mtandao uliokatika baada ya fedha kutoka katika simu ya mlipaji na kabla ya taarifa kufika chuoni, na malipo yaliyorudiwa kwa sababu mlipaji aliona kimya akadhani hayakwenda. Kila moja ya hayo ni swali la uhasibu, la kanzidata, la sheria na la huduma kwa mteja kwa wakati mmoja. Wanafunzi wangu wamekutana na karibu yote hayo wakiwa wamepanga foleni kwenye dirisha la mhasibu, lakini hawajakutana na hata moja katika mtihani.

Nje ya ofisi za umma hali ni hiyo hiyo. Mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi ana mashine ya EFD (ya kutolea risiti za kodi), ambayo ilianza kutumika nchini mwaka 2010, inayomtolea ripoti ya mauzo kila mwisho wa siku. Ana daftari la stoo linaloandikwa na kijana wa stoo. Ana laini ya simu ya kupokelea malipo, na pengine akaunti mbili za benki. Kumbukumbu hizo zinaeleza biashara moja, nazo hazilingani. Mzigo ulitoka kwa mkopo na risiti ikakatwa siku ya tatu. Bati zilirudishwa na hakuna aliyeandika. Mteja alituma fedha kwenye namba binafsi ya mwenye duka badala ya ile ya biashara. Mhitimu wetu akiajiriwa hapo, mwajiri wake hatamwomba amtengenezee tovuti yenye picha zinazotembea. Atamwomba amweleze faida yake imekwenda wapi, na ili kulijibu hilo inampasa kijana aufuate muamala kutoka kaunta hadi leja, ajue unapopotelea, kisha ndipo aamue kama dawa ni programu, ni fomu ya karatasi yenye sehemu ya sahihi, au ni kuzuia watu wawili wasitumie nywila moja. Nimeona mara nyingi kwamba dawa ni hiyo ya tatu, nayo haihitaji hata laini moja ya msimbo.

Nafahamu kwamba vyuo vinayo kazi ya mradi wa mwisho, ambayo ilikusudiwa kuziba pengo hili. Haizibi. Kila mwaka tunapokea mifumo ya maktaba, mifumo ya kuhifadhi vyumba vya hoteli na mifumo ya kupigia kura serikali ya wanafunzi, iliyoandikwa kwa PHP na MySQL (lugha ya programu na zana ya kanzidata), mingi ikifanana hadi rangi za vitufe, na yote inawasilishwa mbele ya jopo la walimu peke yao. Mkutubi ambaye mfumo ule ulitengenezwa kwa jina lake hakuulizwa lolote. Mwenye hoteli hayupo chumbani. Mradi unapata alama, unafungwa kwa jalada gumu, unapelekwa maktaba, na hakuna mtu atakayeutumia hata siku moja. Siwalaumu vijana, maana wanafanya kile kinachopewa alama. Lakini kama kanuni zingetaka mtu mmoja wa nje, awe mtunza stoo, karani wa AMCOS (ushirika wa wakulima) au mhasibu wa SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), autumie mfumo huo kwa muda na kuandika alichokipata, nusu ya miradi hiyo isingewasilishwa na nusu iliyobaki ingekuwa bora zaidi.

Nchi hii iliwahi kulipa gharama ya kuwa na mashine bila watu wanaojua kazi inayofanywa na mashine hizo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta, zilizotegemea wataalamu kutoka nje, zilivurugika kiasi cha kuilazimu Serikali irudi kwenye vitabu vya mkono, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta, pamoja na televisheni, ukapigwa marufuku isipokuwa kwa kibali maalumu. Watu wengi wanaikumbuka marufuku hiyo kama kichekesho cha enzi zile. Mimi naisoma tofauti: wahasibu wa wakati ule hawakuijua kompyuta, waliojua kompyuta hawakuzijua taratibu za Hazina, na hapakuwa na mtu wa kukaa katikati yao. Mtu huyo wa katikati ndiye tunayedai kumfundisha leo, na ndiye ambaye shahada na stashahada zetu zinamtaja katika majina yake.

Kwa upande mwingine tunao ushahidi wa kazi iliyofanikiwa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuruhusu wateja wao kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mtandao na mtandao, na mwaka 2016 Vodacom ikajiunga. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kulifanya jambo hilo kwa upana huo. Teknolojia ya kupitisha ujumbe kutoka kampuni moja kwenda nyingine haikuwa ngumu kupatikana. Kilichohitaji vikao virefu ni kukubaliana nani anamdai nani mwisho wa siku, ada ya muamala inagawanywaje, fedha iliyokwenda kwa mtu asiyehusika inarudishwa na nani, na wakala anashughulikiwaje. Huo ni usanifu wa mfumo wa biashara uliofanywa hapa hapa, kwa kiasi kikubwa kwa makubaliano ya kampuni zenyewe huku Benki Kuu ikisimamia, na baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wake wa TIPS wa malipo ya papo kwa papo. Wanafunzi wetu wanafundishwa biashara mtandao kwa mfano wa Amazon, kampuni ambayo wengi wao hawajawahi kununua kitu kwake, wakati mfano huu umo mifukoni mwao.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, nalo ni la haki: usalama. Hakuna mhasibu mwenye akili timamu atakayemkabidhi mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nywila ya MUSE, mfumo wa malipo ya Serikali, na hata angetaka, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka mipaka juu ya nani anaona taarifa za nani na kwa sababu gani. Ninaiunga mkono sheria hiyo na ninaifundisha. Ndiyo maana siombi mifumo yenyewe. Taasisi inayojiunga na GePG hairuhusiwi kuanza na fedha halisi. Hujaribu kwanza katika mazingira ya majaribio, hutuma ankara za uongo, hupokea malipo ya uongo, na huvuka kwenda kwenye kazi halisi baada ya kuridhisha. Kwa hiyo msingi wa ninachokiomba tayari upo. Kinachokosekana ni nakala iliyotengwa kwa vyuo, yenye wadaiwa wa kubuni na makosa yaliyopandikizwa kwa makusudi, ambayo mwanafunzi anaweza kuivuruga saa nne asubuhi na ikarudishwa kama ilivyokuwa kabla ya kipindi cha mchana. Mwanafunzi wa udaktari anaingia wodini Muhimbili kabla ya kufuzu, chini ya usimamizi na kwa kanuni zinazomlinda mgonjwa. Hakuna aliyewahi kusema asubiri ahitimu kwanza ndipo aone mgonjwa.

Pamoja na GePG ningependekeza NeST, mfumo wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika 2023, kwa sababu mbili. Mhitimu anayefungua kampuni ndogo atauhitaji ili aombe zabuni, na mhitimu anayeajiriwa serikalini atauhitaji ili atangaze zabuni. Na ndani yake mna somo zuri la mgawanyo wa madaraka, yaani yule anayeomba kununua asiwe ndiye anayeidhinisha wala anayepokea mzigo. Mfumo wa BRELA wa usajili wa biashara unaweza kufuata baadaye. Mifumo ya forodha ningeiacha kwanza, kwani ina mambo mengi ambayo mwanafunzi wa stashahada hayahitaji.

Pingamizi la pili ni kwamba mafunzo kwa vitendo yanatosha. Nimetembelea wanafunzi kazini kila mwaka, katika ofisi za umma na za binafsi, na ninachokikuta kinatofautiana mno kiasi kwamba hakiwezi kuitwa mtaala. Mmoja anapata msimamizi anayempenda na anayempa kazi ya kusafisha orodha ya wateja iliyojaa majina yaliyojirudia, naye anarudi chuoni amebadilika. Mwingine anawekwa mapokezi, anatoa nakala za barua na kubadilisha wino wa printa, kisha anajaziwa kitabu chake cha kumbukumbu kwa maneno ya heshima na anapata alama zilezile. Bodi ya Mikopo inatenga fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake, vyuo vinalipa walimu kuzunguka, na bado hakuna waraka unaoieleza ofisi inayompokea kijana kwamba anapaswa angalau kuchora mtiririko wa shughuli moja ya ofisi hiyo na kuonyesha mahali unapokwama. Waraka wa namna hiyo hauhitaji bajeti. Unahitaji sahihi za NACTVET na TCU.

Kuhusu mitihani nitasema kwa ufupi. Kumtaka mwanafunzi aandike msimbo kwa kalamu katika kijitabu cha majibu, akikatwa alama kwa nukta mkato iliyosahaulika ambayo kompyuta ingemwonyesha papo hapo, kunapima kumbukumbu. Mitaala yetu inajiita ya umahiri. Basi na mtihani wa kanzidata ufanyike mbele ya kanzidata. Penye upungufu wa kompyuta, wanafunzi waingie kwa makundi, kama wanavyofanya wenzao wa maabara za kemia.

Kuna jambo moja ninaloliogopa katika kuandika barua hii, nalo ni kwamba itajibiwa kwa kuongezewa somo. Ndivyo ilivyozoeleka: kila panapotokea lalamiko kuhusu wahitimu, mtaala unaongezewa moduli mpya, na siku hizi moduli hiyo huitwa akili unde au sarafu za kidijitali. Sipingi vijana kujua akili unde. Lakini mashine inayojifunza kutokana na kumbukumbu za stoo ambazo hazilingani na mauzo itajifunza uongo huo huo, na itautoa kwa kujiamini zaidi kuliko karani. Muda wa ratiba ni ule ule. Kama lazima kitu kitoke ili mazoezi haya yaingie, nashauri kitoke kile kipindi cha historia ya vizazi vya kompyuta, ambacho mwanafunzi amekisoma sekondari, anakirudia ngazi ya cheti, na anakikuta tena mwaka wa kwanza wa stashahada.

Serikali yenyewe imeagiza mara kwa mara mifumo yake isomane, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikieleza hasara ya mifumo isiyosomana. Kusomana kwa mifumo hakuletwi na nyaya. Kunahitaji watu wanaojua kwamba mteja anayeitwa kwa namba ya NIDA katika mfumo mmoja, kwa TIN (namba ya mlipakodi) katika mwingine na kwa namba ya simu katika wa tatu ni mtu yule yule, na wanaoweza kukaa na mhasibu, mwanasheria na mtengeneza programu katika meza moja wakaelewana. Watu hao wanakaa madarasani mwetu sasa hivi, wakichora mfumo wa maktaba.

Ili isionekane kwamba naomba makubwa kwa mara moja, napendekeza jaribio dogo: mfumo mmoja, GePG, ngazi moja, mwaka wa pili wa stashahada, vyuo vichache vilivyo tayari, kimoja kati yake kiwe nje ya Dar es Salaam na Dodoma, ili ijulikane mapema mtandao dhaifu unaathiri vipi kazi. Wizara ya Fedha na Mamlaka ya Serikali Mtandao zitoe nakala ya mazoezi na afisa mmoja wa kuulizwa maswali. NACTVET iruhusu kazi hiyo ichukue nafasi ya sehemu ya alama za mradi. Wakuu wa vyuo wawaruhusu mwalimu wa uhasibu na mwalimu wa kanzidata kuingia darasani pamoja, jambo ambalo ratiba zetu na hesabu za saa za kufundisha hazilitambui kwa sasa. TCU inaweza kusubiri matokeo kabla ya kuamua kuhusu vyuo vikuu.

Rasimu ya mazoezi ya muhula wa kwanza, pamoja na orodha ya makosa ninayopendekeza yapandikizwe katika taarifa za kubuni, nimekwisha kuiandaa. Nitaiwasilisha kwa ofisi yoyote kati ya zilizotajwa hapo juu itakayoiomba, na niko tayari kuitetea mbele ya wahasibu na wataalamu wa usalama wa mifumo kwa pamoja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkufunzi wa Kanzidata na Uchambuzi wa Mifumo